Dume Aliyeitwa Takataka

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe kumi na nane Januari, mwaka 1978, asubuhi, kabla chai haijachemka mara ya pili. Lumbaram hakuwa mtu wa kalenda. Tarehe hiyo aliishika kwa sababu karani wa ofisi ya mifugo aliitamka kwa sauti wakati akiiandika, kisha akaupulizia wino ukauke, kama mama anayepoza uji wa mtoto.

Jana yake tu ndiyo alikuwa amerudi kutoka Haridwar, kwenye mto mtakatifu wa Ganga, alikokwenda kuitia mtoni mifupa ya mkewe, Pemi. Kilemba chake chekundu kilikuwa kimekunjwa sandukuni. Kichwani alivaa cheupe cha msiba. Miguu ilikuwa bado imevimba kwa kusimama kwenye treni. Hakujua kwamba wiki nzima aliyokuwa safarini gari la serikali lilipita vitongojini likitangaza kwa kipaza sauti, wala hakujua kwamba karatasi iliyobandikwa ukutani pale kisimani ilikuwa na habari zinazomhusu. Aliiona, naam. Aliona ina mhuri. Serikali ikitaka kumficha mtu kama yeye jambo, humwandikia.

Basi alipowaona mabwana watatu wamesimama mlangoni pa zizi lake la miiba, alidhani wamekuja kumpa pole.

Mmoja alikuwa daktari wa mifugo, Bhandari, kijana wa mjini ambaye viatu vyake vilikuwa vimejaa mchanga. Wa pili ndiye huyo karani. Wa tatu alikuwa Mangilal, mwenyekiti wa kijiji, ambaye baba yake na babu yake walichunga kondoo kwenye matuta yale yale ya mchanga pamoja na baba na babu wa Lumbaram.

"Pole na msiba, mzee," daktari alisema, na pole yenyewe ikaishia hapo. Akaelekeza kalamu ndani ya zizi. "Yule dume mwenye miwani, vipi yule?"

Miwani aliyoisema ni zile duara za kahawia zilizomzunguka dume macho yote mawili, juu ya uso mweupe. Sufu yake iling'aa hata katika jua lile dhaifu la baridi, kama nyuzi zilizopakwa mafuta. Lumbaram alimtazama dume, akamtazama mgeni, akajibu kama ambavyo baba yake angejibu na babu yake pia.

"Yule? Aa, yule takataka tu, bwana. Hata jina lake ni Takataka. Hafai kitu. Namweka kwa kuwa sijapata pa kumtupa."

"Hafai," daktari akarudia.

"Hafai," karani akaandika.

Vijana wawili wakaruka kutoka kwenye lori na koleo la chuma refu kama mkono wa mtu. Wakamwangusha dume ubavu. Koleo likabana mara moja, likahamishwa, likabana mara ya pili. Damu haikutoka hata tone. Lumbaram alikuwa bado ameshika kikombe chake.

"Mnamfanya nini?"

"Tumeshamaliza, mzee. Madume yasiyofaa yote yanahasiwa. Si umesema mwenyewe? Utaletewa dume la kisasa, la sufu laini, bure kabisa."

Takataka akainuka, akasimama na miguu ya nyuma imeachana, kichwa chini. Hapo ndipo karani alipoitamka tarehe.

Huko kwao hakuna mfugaji anayemsifu mnyama wake mbele ya mgeni. Anayesifu anaita kijicho, na kijicho hakichelewi. Ng'ombe wa maziwa mengi utaambiwa anakaribia kukauka. Ngamia mwenye mbio utaambiwa ana nyayo mbovu. Mnyama wa kawaida hupewa jina la kawaida. Aliye bora kuliko wote ndiye huitwa Kilema, au Mavi, au Takataka, na kila mtu kati ya wafugaji husikia jina hilo na kuelewa: usimguse, usimtazame sana, huyu ndiye.

Pemi aliamini hivyo kuliko mtu yeyote. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, mgeni mmoja wa arusini alimbeba na kusema kwa sauti, "Huyu ni mwezi ulioshuka!" Siku ya tatu walimzika. Tangu hapo Pemi hakuruhusu neno zuri lisemwe juu ya kitu chochote kizuri ndani ya ua wake, na hakuzaa tena.

Kondoo walikuwa wake. Aliolewa akaja na majike saba kutoka kwa mama yake, wote wenye miwani, na kwa miaka thelathini alichagua yeye nani abaki na nani auzwe. Wana wa majike wale walitembea siku tatu bila maji na hawakulala chini. Walizaliwa wakasimama kabla mama hajamaliza kuwalamba. Kisha ukaja ukame wa miaka miwili, na malisho ya akiba yaliyoahidiwa na serikali yakafika mvua ilipokwisha kunyesha. Wote wakaisha. Alibaki jike mmoja kikongwe, mama yake Takataka, ambaye naye alikufa mwezi mmoja kabla ya Pemi. Majike kumi na moja yaliyojaa zizini sasa yalikuwa ya kununua, ya damu za watu wengine. Damu ya Pemi yote ilikuwa imebaki ndani ya dume mmoja, na dume huyo sasa alikuwa amesimama miguu imeachana.

Lumbaram alimfuata mwenyekiti hadi kwenye lori.

"Mangilal. Wewe unajua neno lile maana yake nini."

Mangilal alitazama saa yake. "Najua mambo mengi, kaka. Leo tunatakiwa tufikishe madume arobaini, na bado vitongoji vitatu."

"Ungemwambia."

"Ungemwambia wewe. Mdomo si ulikuwa wako?"

Akapanda, mlango ukafungwa.

Maneno hayo ndiyo yaliyomkaa Lumbaram kooni. Ofisi aliweza kuilaumu na aliilaumu, kutwa nzima, kwa majina ambayo mkewe asingeruhusu. Bhandari aliyesoma miaka mitano habari za kondoo asisome hata siku moja habari za wenye kondoo! Lakini mdomo ulikuwa wake kweli.

Jioni ile walikuja Oghad, mtoto wa baba yake mdogo, na Sugni mkewe. Oghad alikuwa mtu wa mzaha. Hata mazishini hakuweza kujizuia.

"Mimi walipofika kwangu," alisema akiwasha bidi, ile sigara nyembamba ya jani, "niliwaambia dume langu ni mfalme, hajapata kuzaliwa mwingine. Nikasifu mpaka nikaona haya. Wakaliacha. Na kweli lile langu ndilo takataka, unalijua, linaogopa hata mbuzi."

"Kwa hiyo ulisikia tangazo."

"Nilisikia."

"Na hukunisubiri njiani uniambie."

Oghad alivuta bidi yake, akaikung'uta majivu.

Sugni hakuwa amekaa. Alikuwa ameinama zizini, anampapasa Takataka chini ya tumbo kwa mkono wa mtu aliyezaliwa kati ya kondoo. "Shemeji," aliita, "acheni kuvuta, mje hapa. Hii kamba ni ya Pemi?"

Ilikuwa ya Pemi. Kila mwaka majira ya kupandisha yakiisha, mwezi wa Septemba, dume hufungwa kamba ya sufu kwenye ngozi ya tumboni ili asiweze kupanda. Hufunguliwa mvua ya kwanza ikinyesha, mwezi wa Julai, ili watoto wazaliwe wakati wa baridi kukiwa na majani. Kamba ile Pemi aliisokota mwenyewe, nyekundu na nyeusi, na fundo alilifunga mwenyewe, miezi miwili kabla ya kufa.

"Ifungue," Sugni alisema.

"Ya nini? Wamemmaliza."

"Wamevunja mishipa, hawajammwaga. Mbegu iliyokwisha shuka bado imo. Baba yangu alihasi dume kwa mikono yake, na wiki ya tatu likampanda jike, na jike likazaa. Walimtukana jirani bure, wakidhani ni dume lake. Una siku ishirini, labda thelathini. Baada ya hapo utakuwa na kondoo wa kuchinja."

"Sasa hivi ni Januari," Oghad alisema. "Jike akishika leo atazaa mwezi wa Juni, mwanamke. Juni! Mchanga unaoka mkate. Mtoto ataangukia kwenye kikaango."

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mwenye kamba."

Lumbaram alipiga magoti. Alijua mafundo yote ya ngamia na ya hema na ya kisima, lakini hilo hakulijua. Halikuwahi kuwa kazi yake. Alivuta hapa, likakaza kule. Sugni akatoa mkasi wa kukatia sufu kiunoni.

"Kata tu, shemeji."

"Hapana."

"Kamba nyingine tutasokota."

"Nimesema hapana."

Alikaa pale mpaka chai ya Oghad ikawa baridi. Alilainisha kwa mafuta ya haradali, akatumia sindano ya kushonea magunia, akaingiza ncha uzi kwa uzi. Dume alitetemeka kila alipoguswa lakini hakupiga teke. Mwisho Lumbaram akagundua kwamba Pemi alilifunga kwa mkono wa kushoto, kinyume, kama alivyofanya kila kitu. Akageuza mikono yake, akalifuata fundo kama alivyolifunga yeye, na likaachia lenyewe. Aliikunja kamba akaiweka ndani ya kilemba cheupe.

Siku kumi hazikuwa na lolote. Takataka alikuwa amevimba, hakula, hakutazama jike. Lumbaram alimkanda kwa mafuta ya moto na manjano, akamlisha maganda ya khejri, mti wa jangwani, na mkate wake mwenyewe wa mawele, na kila asubuhi aliliangalia jike dogo la Oghad, jeusi la kichwa, miguu mirefu, ambalo Sugni alilichagua na kulileta kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu kutaka dume.

Katikati ya hayo lori lilirudi na dume la kisasa. Lilikuwa kubwa, limevikwa sufu hadi kwenye kwato, na sufu nyingine ilining'inia usoni mpaka macho hayakuonekana. Oghad alilizunguka mara mbili.

"Bwana harusi huyu!" alisema. "Angalia, amefunikwa uso. Tumtafutie farasi?"

Huko kwao bwana harusi huenda kuoa juu ya farasi, uso umefunikwa, basi Bwana Harusi ndilo likawa jina lake. Siku ya kwanza aligonga ukuta wa kisima. Siku ya pili alijilaza kwenye majani makavu, mbegu za miiba zikanasa kwenye sufu yake laini hadi akawa kama jamvi la miba, ikachukua watu watatu kumchambua. Aliletewa maji alipolala, kama mkwe. Lumbaram alimfunga banda la upande wa pili, mbali na jike la Oghad, na alihakikisha mwenyewe kila jioni kwamba mlango umekazwa. Hakutaka baadaye mtu yeyote aje na maswali.

Siku ya kumi na mbili, jua likiwa juu, Takataka aliinua kichwa. Jike jeusi la kichwa lilikuwa linamzungukazunguka tangu alfajiri. Alilinusa, akakunja mdomo wa juu, akapiga mguu chini. Akapanda, akashuka kwa maumivu, akasimama. Akapanda tena.

Lumbaram aligeuka akatazama matuta. Hakutaka macho yake mwenyewe yawe kijicho.

"Vipi?" Oghad aliuliza kutoka nje ya ua.

"Hamna kitu. Dume limechoka, bure kabisa."

"Heee!" Oghad akapiga makofi. "Bure kabisa! Sugni, umesikia? Anasema bure kabisa!"

Baada ya hapo Takataka hakupanda tena, na alipokwisha nenepa ilikuwa wazi kwamba hatapanda. Jike nalo halikumtafuta dume mwezi uliofuata.

Mwezi wa Machi kondoo wa kitongoji kizima huondoka kwenda mashariki, kwenye mashamba yaliyovunwa, mwendo wa wiki nne. Lumbaram alikuwa hajakosa safari hiyo tangu azaliwe. Mwaka ule alimpa Oghad majike yake yote akamchungie, na mawili kati yake akayatoa yawe malipo ya lile jeusi la kichwa.

"Utakaa hapa peke yako na jike mmoja na towashi mmoja?" Oghad aliuliza.

"Na Bwana Harusi."

"Ndugu yangu, watu watasema umepata kichaa cha msiba."

"Watu walisema nini koleo lilipokuja?"

 Oghad alifunga mzigo kwenye ngamia, akarudi, akamwachia pakiti mbili za bidi, akaenda zake.

Joto lilikuja mapema. Kisima cha serikali kiliharibika pampu mwezi wa Aprili, na fundi alikuwa anakuja kesho mpaka Mei ikaisha. Lumbaram aliteka kwa kamba kutoka kisima cha zamani, maji ya chumvi, akayachanganya na mtindi. Alipanda miti ya khejri akakata matawi, miiba ikamchana mikono, na alimlisha jike majani mabichi kidogo kidogo asivimbiwe. Bwana Harusi hakufika mwisho wa Mei. Alihema siku mbili kivulini na ulimi nje, na siku ya tatu hakuwa anahema. Lumbaram alimsikitikia. Naye hakuulizwa kama anataka kuja.

Jike lilishika uchungu tarehe ishirini na saba Juni, saa saba mchana, saa mbaya kuliko zote. Upepo ulikuwa umekatika. Mtoto alitoka miguu mbele, sawasawa, akaanguka kwenye mchanga, na mchanga ulikuwa wa moto kiasi kwamba Lumbaram mwenyewe alisimama kwa kubadilisha miguu. Hakufikiri. Alivua kilemba cheupe, mita zote tisa za kitambaa, akakitumbukiza kwenye ndoo, akakitandaza juu ya mtoto na mama kama hema. Kamba nyekundu na nyeusi ikadondoka humo humo ndani.

Mtoto alisimama kabla mama hajamaliza kumlamba. Alikuwa dume. Na machoni, kwenye uso mweupe ambao mama yake hakuwa nao, duara mbili za kahawia.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya tisa. Watu walirudi kutoka mashariki mwezi wa Agosti, na Sugni alimwona mtoto kabla hajatua mzigo. Alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akatema mate pembeni kama inavyotakiwa.

"Sura mbaya," alisema, machozi yakimtoka. "Sijaona kitu kibaya namna hii. Amepewa jina?"

"Bado."

"Mwite Jaa. Baba Takataka, mwana Jaa. Takataka zote si huishia jaani?"

Lumbaram alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba, Pemi alipokufa, na kicheko kilimkwaruza.

Jaa alikua haraka. Hakuhitaji kufundishwa kunywa maji ya chumvi. Kufika Oktoba alikuwa akitangulia kundi kupanda matuta, na wafugaji wa vitongoji vya mbali walianza kupita kwa Lumbaram kuomba moto wa bidi hali viberiti wanavyo mfukoni. Wakimwona Jaa walitazama pembeni haraka, kwa heshima, wakasema, "Kabovu hako." Wawili walikwisha omba majike yao yaletwe mwakani.

Kilemba chekundu kilikuwa bado sandukuni. Mwaka wa msiba ulikuwa haujatimia.

Jumatatu moja asubuhi lori likarudi. Safari hii Lumbaram alisikia tangazo. Lilirudiwa siku nne. Madume yote machanga yatakaguliwa, yanayofaa yatavishwa herini ya bati na kuachwa, yasiyofaa yatahasiwa. Oghad na Sugni walikuja wakasimama naye zizini. Takataka alikuwa amelala kivulini anacheua, mnene kama bibi wa tajiri.

"Safari hii unajua la kusema," Oghad alimnong'oneza. "Sifu. Sifu mpaka uone haya. Ukishindwa nisukume mimi."

"Wewe si mwenye kondoo," Sugni alisema. "Neno la mtu wa pembeni haliandikwi."

 Usiku mzima Lumbaram alikuwa amelijaribu neno lile mdomoni: anafaa. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto analisema. Lakini mara ya mwisho neno la sifa liliposemwa kwa sauti ndani ya ua huu, na mgeni, juu ya kitu kama hiki, walizika siku ya tatu.

Daktari Bhandari alishuka na viatu vipya. Mangilal alishuka nyuma yake, akaamkia, hakumtazama Lumbaram machoni. Karani alifungua daftari, akaitamka tarehe, akaiandika. Vijana wawili walikuwa wamekaa kwenye bampa la lori, koleo limelazwa magotini mwao, na sahani ya herini za bati pembeni.

Jaa, ambaye hakuogopa watu, alitoka mwenyewe kati ya majike akaja kunusa viatu vya daktari. Jua likampiga ubavuni, sufu ikang'aa.

Daktari aliinama akamtazama kwa muda, akamtazama Takataka pale kivulini, kama mtu anayejaribu kukumbuka uso. Kisha akainua kalamu.

"Mzee," alisema, "naona huyu naye ana miwani. Huyu vipi? Anafaa, au hafai?"